Nyumba Iliyovunjwa Ndiyo ya Kulindwa Kwanza

Nyumba ikivunjwa mtaani, yanayofuata yanajulikana. Asubuhi watu hukusanyika mlangoni, pole hutolewa, mjumbe hufika, mwenye nyumba huenda kituoni kuchukua RB, fundi huitwa kurudishia kitasa. Baada ya siku chache kila mtu amerejea kwenye shughuli zake, na fikra inayobaki, kwa aliyeibiwa na kwa jirani zake, ni kwamba shari imeshapita: mwizi kachukua alichokitaka, sasa atakwenda kwingine. Kijitabu hiki kimeandikwa kupinga fikra hiyo. Nyumba iliyovunjwa wiki hii ndiyo iliyo hatarini kuliko nyingine yoyote mtaani, na hatari hiyo ni kali zaidi katika siku 30 za mwanzo. Mtaa wenye fedha kidogo na walinzi wachache, yaani karibu kila mtaa wetu, unapaswa kuelekeza nguvu zake hapo kabla ya mahali pengine popote.

Jambo hili limepimwa. Miaka ya 1980 watafiti walipitia kumbukumbu za polisi za mji wa Saskatoon, Kanada, wakafuatilia kila nyumba iliyovunjwa ili kuona kama ilivunjwa tena na baada ya muda gani. Waligundua kwamba katika mwezi wa kwanza baada ya wizi, uwezekano wa nyumba ileile kuvunjwa tena ulikuwa zaidi ya mara 12 ya ule ambao ungetarajiwa kwa nyumba ya kawaida. Katika zile zilizovunjwa tena ndani ya mwezi huo, nusu zilivunjwa ndani ya siku 7. Baada ya nusu mwaka hatari ilikuwa imeshuka sana. Utafiti mwingine, uliofanywa Merseyside, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2004, uliongeza jambo la pili: hatari huzimwagikia pia nyumba za jirani. Nyumba zilizo ndani ya mita 400 kutoka iliyovunjwa hubaki katika hatari iliyopanda kwa muda wa mwezi mmoja hadi miwili. Kwa hiyo tukio moja la wizi ni taarifa kwa mtaa mzima, na taarifa hiyo huchakaa haraka. Kikao cha ulinzi kikiitishwa baada ya wiki tatu, sehemu kubwa ya hatari imeshawapitia watu wakiwa wamelala.

Sababu zake si fumbo. Mwizi anayeingia mara ya kwanza anabahatisha: hajui kama mlango wa uani una komeo kwa ndani, hajui mbwa amefungwa wapi, hajui nani analala sebuleni. Akishaingia anajua yote. Ameona televisheni ambayo hakuweza kuibeba, ameona mtungi wa gesi na cherehani, amejua dirisha la choo halina nondo. Anajua pia kwamba mlango umerekebishwa juujuu, kwa sababu fundi aliyeitwa asubuhi ile alipigilia kipande cha mbao kwenye fremu iliyopasuka akasema kitashika. Na anajua kwamba mwenye nyumba akipata nafuu atanunua vitu vipya kufidia vilivyoibwa. Watafiti waliowahoji wezi wenyewe magerezani nchini Uingereza walisikia maelezo hayohayo: wengi walikiri kurudi walikopita, kwa kuwa walishaifahamu njia na walijua kilichobaki. Wengine hawarudi wenyewe, humweleza mwenzao. Katika hali zote mbili ujuzi wa mwizi ni mtaji, na mtaa unaoiacha nyumba ile kama ilivyo unamwachia mtaji wake.

Ushahidi mzito kuliko wote unatoka Kirkholt, mtaa wa nyumba za halmashauri katika mji wa Rochdale, Uingereza, wenye nyumba zaidi ya 2,000 na wakazi wa kipato cha chini. Wizi wa kuvunja nyumba ulikuwa umekithiri. Kuanzia mwaka 1987 polisi, maofisa wa halmashauri na watafiti waliamua kutotawanya nguvu mtaa mzima, bali kumfuata kila aliyeibiwa, mara tu baada ya kuibiwa. Vitasa na fremu vilifanywa imara. Mali ilitiwa alama. Mita za umeme za kutumbukiza sarafu ziliondolewa, kwa kuwa karibu nusu ya matukio yalihusu kuvunja mita hizo na kuzoa fedha zake. Na majirani wapatao sita, wale wanaoiona nyumba iliyoibiwa kutoka madirishani mwao, waliombwa waiangalie na kutoa taarifa wakiona jambo lisilo la kawaida. Ndani ya miezi mitano idadi ya matukio ilishuka hadi asilimia 40 ya ilivyokuwa. Baada ya miaka mitatu ilikuwa imepungua kwa asilimia 75.

Kisa cha mita za sarafu kinatufaa kuliko kinavyoonekana. Kwetu umeme hununuliwa kwa LUKU, mwizi hana cha kuvunja kwenye mita. Lakini tuna sanduku la kikoba. Katika mitaa mingi fedha za kikundi hukaa nyumbani kwa mwanachama mmoja, siku ya kukusanyika inajulikana, siku ya kugawana mwishoni mwa mzunguko inajulikana zaidi, na watoto wote wa mtaa wanajua nyumba ya mtunza sanduku. Kufuli tatu zenye funguo kwa watu watatu humzuia mwanachama mdanganyifu. Hazimzuii mtu anayelibeba sanduku zima. Kikundi chochote ambacho bado kinalaza fedha nyumbani kinapaswa kuzihamishia benki au kwenye akaunti ya kikundi ya simu, na kisha kutangaza waziwazi kwamba nyumba hiyo haina fedha. Tangazo hilo ni ulinzi bora wa familia ya mtunza sanduku kuliko senyenge yoyote.

Kumzunguka aliyeibiwa kwa majirani sita, kama ilivyofanyika Kirkholt, si jambo geni kwetu. Sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wananchi, walipoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, walianzia kwenye boma lililoibiwa: yowe lilipigwa hapo, watu walikusanyika hapo, nyayo za ng'ombe zilifuatwa kutoka hapo. Serikali iliwatambua kisheria mwaka 1989, na utaratibu ulipohamia mijini ukachukua sura ya doria ya usiku. Vijana wanne au watano wenye tochi na filimbi wanazunguka mtaa mzima kuanzia saa 5 usiku, wakipita kila nyumba kwa usawa. Doria hiyo ina manufaa, lakini ina udhaifu mmoja mkubwa: kila nyumba hupata dakika chache tu za ulinzi, na anayewavizia anajua wakishapita hawatarudi upesi. Kikundi kilekile, kwa posho ileile, kikipita nyumba iliyovunjwa mara nne kwa usiku kwa saa zisizotabirika, na nyumba za pembeni yake mara mbili, kinafanya kazi kubwa zaidi bila kuongezewa hata shilingi. Mchana, wakati ambapo nyumba nyingi za wafanyakazi na wachuuzi hubaki tupu na doria imelala, kazi ni ya majirani sita: mama lishe wa pembeni, mwenye duka, mzee anayekaa barazani, fundi cherehani mwenye dirisha linalotazama geti. Wapewe namba ya simu ya mwenye nyumba, waambiwe nani ana ruhusa ya kuingia, wajue kwamba mtu anayepakia televisheni kwenye bajaji saa 6 mchana anapaswa kuulizwa.

Kuhusu nyumba yenyewe, fedha kidogo zitumike pale palipovunjwa. Kosa la kawaida ni kununua kitasa cha bei na kukifunga kwenye fremu iliyooza. Teke moja huondoka na vyote viwili. Fremu ibadilishwe au iungwe kwa bati nene lenye misumari ya skrubu mirefu inayoingia ukutani, bawaba ziwe upande wa ndani, na komeo liwekwe juu na chini. Taa moja ya sola inayomulika uani ina faida kuliko tatu za barazani, kwa kuwa wezi wengi hupitia uani. Wanaofikiria kupandisha ukuta wajiulize nani atamwona mwizi akisharuka: ukuta mrefu usio na uwazi humficha aliye ndani yake. Na nondo za dirishani ziwekwe kwa tahadhari. Angalau dirisha moja katika kila chumba cha kulala liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, ufunguo ukiwa mahali ambapo hata mtoto anapafahamu, kwa sababu moto ukitokea usiku mlangoni, nondo zilizochomelewa moja kwa moja huwafungia watu humo ndani. Hakuna mali ya nyumbani inayostahili gharama hiyo.

Yapo mapingamizi, na yanastahili majibu. La kwanza husema hayo ni mambo ya Ulaya na Kanada, huku kwetu wezi ni vibaka wa kupita tu. Lakini kilichopimwa huko ni tabia ya mtu anayetafuta mali kwa jasho kidogo na hatari ndogo, na tabia hiyo haina uraia. Kibaka anayeishi mtaa wa pili ana sababu kubwa zaidi ya kurudi kuliko mwizi mwenye gari, kwa kuwa hupita mbele ya nyumba ile kila siku na kuona kama mlango umetengenezwa. La pili husema mwizi akizuiwa hapa atahamia kwa jirani. Wapo watakaojaribu. Hata hivyo Kirkholt wizi ulipungua katika mtaa mzima, si kwenye nyumba zilizowekewa kinga tu, na sababu inaeleweka: anayezuiwa pale alipopazoea hulazimika kuanza upya kwa kubahatisha, na wengi hukata tamaa au hukamatwa wakibahatisha. Majirani sita nao, wakiiangalia nyumba moja, wanaangaliana wao kwa wao.

Pingamizi la tatu ni la haki, na ndilo linalosikika zaidi kwenye mikutano ya mtaa: sote tunachanga mchango wa ulinzi, kwa nini mmoja apewe zaidi? Ni swali la kweli, hasa pale aliyeibiwa anapokuwa na nyumba nzuri kuliko wachangiaji wengine. Jibu ni kwamba ulinzi huu wa ziada haumfuati mtu, unafuata hatari, na una ukomo. Siku 30 zikipita bila tukio, doria hurudi kama kawaida. Mpangaji wa chumba kimoja akivunjiwa kesho, naye atapata siku 30 zilezile, na hapo ndipo usawa unapoonekana. Kwa hali ilivyo sasa, mwenye uwezo huajiri mlinzi wake siku ya pili, na asiye na uwezo hubaki na mlango wa kufungwa kwa kamba. Utaratibu huu humfaa maskini kwanza.

Pingamizi la nne ni zito kuliko yote: vipi kama mwizi yumo miongoni mwa majirani hao sita? Inawezekana, ndiyo maana jukumu linapewa watu sita na si mmoja, na ndiyo maana mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayewachagua, akishirikiana na mjumbe. Lakini hofu hiyo isigeuzwe kuwa msako wa kumtafuta mchawi. Mara nyingi wa kwanza kushukiwa ni dada wa kazi, mpangaji mgeni, au kijana asiye na ajira, bila ushahidi wowote. Kazi ya majirani ni kuona, kuuliza kwa adabu na kutoa taarifa. Kuhukumu si kazi yao. Sheria humruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, na humtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumpiga mtuhumiwa ni kosa la jinai, na kumuua ni mauaji, hata kama alikutwa na televisheni mkononi. Tena adhabu ya kisheria si ndogo: kifungu cha 294 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa kuvunja nyumba, na hadi miaka 20 ikiwa ni usiku. Kinachokosekana mara nyingi ni ushahidi, na aliyekufa mikononi mwa wananchi hawezi kutaja aliyenunua mali wala wenzake waliobaki.

Ushahidi huanza kabla ya wizi. Kila kaya iandike namba za utambulisho za televisheni, kompyuta na pikipiki, itunze risiti, na ibonyeze *#06# kwenye kila simu ili kunakili namba yake ya utambulisho. Daftari la shilingi chache likiwekwa kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine linatosha. Wizi ukitokea, usiguse kilichovunjwa kabla polisi hawajafika, piga 112, toa namba hizo, na mwarifu polisi kata pamoja na mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo, hata kama kilichoibwa ni sufuria mbili. Wengi hawatoi taarifa kwa kuona aibu au kwa kudhani kilichopotea ni kidogo. Wizi wa sufuria uliofanyika kupitia mlango wa uani ni onyo lenye uzito sawa na wizi wa pikipiki, na usiporipotiwa majirani wote wananyimwa onyo hilo.

Ombi letu kwa viongozi ni hili. Mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wafungue daftari la matukio la miezi miwili iliyopita, watafute nyumba zilizovunjwa, na waende kuziona kabla ya kikao kijacho cha ulinzi. Wakague mlango, wamuulize mwenye nyumba ni majirani gani sita anaowaamini, na wabadilishe ratiba ya doria usiku huohuo. Pale ambapo daftari halipo, lifunguliwe leo, na tukio la kwanza kuandikwa humo lifuatiliwe kwa siku 30.