SOMO: KAMBA YA NAILONI HAITAKI MAFUTA



Wewe uishiye Kigamboni unaijua bahari. Labda wewe ni mvuvi wa Kimbiji, Pemba Mnazi au Mjimwema. Labda wewe hupandi chombo, lakini mumeo, mwanao au kaka yako huenda baharini. Somo hili ni lako pia. Kamba ikikatika baharini, hasara hufika nyumbani.

Tuanze na swali. Kamba ya tanga ikiwa ngumu na yenye kukwaruza mikono, wewe hufanya nini? Wavuvi wengi hujibu: "Naipaka mafuta." Mmoja hupaka oili chafu ya injini. Mwingine hupaka dizeli. Mwingine hupaka sifa, yaani mafuta ya papa, kwa sababu sifa hulinda mbao za chombo.

Jibu hili lilikuwa na maana zamani. Kwa kamba za leo si jibu zuri. Tuone kwa nini.

1. KAMBA TATU ZA CHOMBO

Chombo cha tanga kina kamba nyingi. Tutazame tatu.

Henza ni kamba ya kupandishia foromali na tanga. Ikikatika, foromali huanguka. Aliyekaa chini huweza kuumia vibaya.

Demani ni kamba ya kushikia tanga ili lipokee upepo. Ikikatika, tanga hupigapiga ovyo na chombo hakitawaliki.

Amari ni kamba ya nanga. Ikikatika usiku watu wamelala, chombo huchukuliwa na maji mpaka kwenye miamba.

Sasa fikiri upepo wa kusi, ule unaovuma kuanzia mwezi wa Aprili au Mei mpaka Septemba. Bahari imechafuka. Watu wanne wamo ngalawani. Maisha ya watu wanne yanashikwa na kamba isiyozidi unene wa kidole gumba. Je, kamba hiyo ilitazamwa lini mara ya mwisho?

2. DESTURI YA MAFUTA ILITOKA WAPI?

Zamani kamba zilitengenezwa kwa mimea, kama vile makumbi ya nazi na katani. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, Mjerumani. Baadaye Tanganyika ikawa nchi mashuhuri duniani kwa katani.

Katani ni mmea. Ikikaa na unyevu siku nyingi, huoza. Kwa hiyo watu waliitia mafuta au lami ili maji yasiingie. Wazee hawakukosea. Walipigana na adui wao, na adui wao alikuwa kuoza.

Mwaka 1935 wataalamu wa Marekani walitengeneza nailoni. Baadaye zikaja nyuzi nyingine, kama polista na polipropilini. Nyuzi hizi hazitoki shambani. Hutengenezwa kiwandani kwa kemikali. Haziozi kwa maji. Zilipoenea duniani, bei ya katani ilianguka, na mashamba mengi ya mkonge hapa nchini yalipata hasara.

Kwa hiyo kamba imebadilika, na adui amebadilika. Adui wa kamba mpya ni watatu: jua, mchanga na msuguano. Mafuta hayamfukuzi hata mmoja wao. Tena humkaribisha mchanga.

3. JARIBU UONE

Hapa Kigamboni tuna kijiji kiitwacho Gezaulole. Kwa Kizaramo maana yake ni "jaribu uone". Basi usiniamini mimi kwa maneno tu. Jaribu uone.

Chukua vipande viwili vya kamba kuukuu, kila kimoja nusu mita. Kipande cha kwanza kipake oili. Kipande cha pili kioshe kwa maji baridi, kisha kikauke. Viburure vyote viwili katika mchanga mkavu wa pwani. Vikung'ute mara ishirini. Sasa visokotoe, uzifungue nyuzi zake juu ya karatasi nyeupe.

Kile kikavu kitaangusha mchanga wake mwingi. Kile chenye oili kitakuwa kimeushika mchanga, nje na ndani.

Mchanga ni mawe madogo yenye ncha. Kila mara kamba inapovutwa, nyuzi zake husuguana. Mchanga ulioko ndani huzikata kidogo kidogo kama msumeno. Kwa nje kamba huonekana nzima. Siku moja ya upepo mkali, hukatika ghafula.

Mafuta yana ubaya mwingine. Kamba yenye mafuta huteleza mkononi. Fundo lake nalo huteleza.

4. IJUE KAMBA YAKO

Watu wengi huziita kamba zote za kiwandani "nailoni" au "manila". Lakini si zote sawa. Kata kipande kidogo. Kitumbukize majini, ukibinye ili hewa itoke.

Kikielea, hiyo yaelekea ni polipropilini au jamaa yake. Kamba hii ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Lakini jua huiharibu upesi. Pia huyeyuka upesi ikisuguliwa kwa nguvu.

Kikizama, hiyo yaweza kuwa nailoni au polista. Nailoni hunyumbuka sana. Kwa hiyo yafaa kwa nanga, maana hupunguza mshtuko wa mawimbi. Polista hainyumbuki sana. Kwa hiyo yafaa kwa henza na demani.

Jihadhari na kamba inayonyumbuka. Ikikatika hurudi kwa nguvu kama mpira wa manati. Usisimame kwenye mstari wa kamba iliyovutwa sana.

5. MATUNZO YA KAMBA

(a) Ioshe kwa maji baridi. Chumvi ikikauka ndani ya kamba huwa chembechembe ngumu. Chembe hizo huifanya kamba iwe ngumu. Hiyo ndiyo kamba unayotaka kuipaka mafuta! Dawa yake ni maji. Iloweke ndani ya ndoo, uibinyebinye, ubadilishe maji, kisha uisuuze. Onja maji ya kisima kwanza. Kama yana chumvi, tumia ya mvua au ya bomba. Ikiwa chafu sana, tumia sabuni kidogo, kisha suuza vizuri. Usitumie maji ya moto wala dawa ya kung'arishia nguo nyeupe.

(b) Ianike kivulini. Itundike penye upepo, chini ya mnazi au barazani. Usiiache juani mwezi mzima kwa sababu chombo hakisafiri. Kama chombo kinapumzika, vua kamba uziweke ndani.

(c) Usiiburure mchangani wala kuikanyaga. Ikunje duara, uitundike.

(d) Iweke mbali na maji ya betri. Asidi yake huila nailoni. Doa dogo laweza kumaliza nguvu za kamba nzima.

(e) Izuie kusuguliwa. Pale amari inapopita juu ya ubao wa chombo, izungushie kitambaa kizito au kipande cha mpira wa maji. Ncha kali za ubao zilainishe kwa msasa.

(f) Igeuze. Henza husuguliwa mahali pale pale kila siku. Kila baada ya miezi michache, ncha iliyokuwa juu iwe chini. Hivyo kamba italika sawasawa.

(g) Funga ncha zake. Zungushia ncha uzi imara, ukaze. Kisha unaweza kuziyeyusha kidogo kwa moto ili zishikane. Usiziguse kwa kidole zikiwa bado za moto. Nailoni iliyoyeyuka hunata kwenye ngozi na kuunguza sana.

6. MAFUTA YAWEKWE WAPI?

Mafuta yana kazi yake, lakini si kwenye kamba. Yaweke kwenye kapi.

Kapi lina gurudumu, na gurudumu huzunguka juu ya msumari wake. Msumari ukikauka au ukishika kutu, gurudumu halizunguki. Kamba huburutwa juu yake, hupata joto, na nyuzi huanza kuyeyuka. Basi tia mafuta mazito kidogo kwenye msumari. Zungusha gurudumu kwa mkono. Futa mafuta yote yaliyozidi, yasifike kwenye kamba.

Kama ngalawa yako haina kapi, na kamba hupita katika tundu la mlingoti, lisugue tundu hilo kwa msasa mpaka liwe laini.

7. KAMBA ISIYOFAA TENA

Kabla ya kwenda baharini, ipitishe kamba yote mkononi polepole. Kila baada ya mita moja, ifungue kidogo utazame ndani. Usiitegemee tena kamba ukiona dalili hizi:

– ndani yake mna unga;
– nyuzi nyingi zimekatika;
– mahali fulani imekuwa ngumu na ya kung'aa, maana yake imeyeyuka;
– mahali fulani imekuwa nyembamba kuliko kwingine;
– rangi imepauka, na nyuzi huvunjika ukizikunja.

Kamba ni ghali, tunajua. Lakini yawezekana ni mita mbili tu zilizoharibika. Zikate, utumie zilizobaki kwa kazi ndogo, kama kufungia mbuzi au kuanikia nguo. Usiunge henza au amari kwa fundo. Fundo huweza kupunguza nguvu ya kamba hadi nusu.

Usiitupe kamba kuukuu baharini. Haiozi. Itanasa kasa, au itajizungusha kwenye panga la injini ya mwenzako.

MUHTASARI

Kamba mpya yataka maji baridi, kivuli na macho ya kuitazama. Mafuta ni ya kapi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini wazee walitia mafuta kamba za katani?
2. Mafuta huleta madhara gani kwenye kamba ya nailoni?
3. Utajuaje kwamba kamba yako si ya nailoni bali ni ya polipropilini?
4. Taja dalili tatu za kamba isiyofaa tena.
5. Hesabu: Kamba mpya hukatika kwa uzito wa kilo 800. Imefungwa fundo, na nguvu yake imepungua nusu. Sasa itakatika kwa uzito wa kilo ngapi?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya kipindi kijacho, nenda pwani pamoja na mwanakisomo mwenzako. Muombeni mwenye chombo ruhusa ya kutazama henza na amari yake. Andikeni katika daftari mambo matatu mliyoyaona, muyasome mbele ya darasa. Kama mmeona hatari, msingoje kipindi. Mwambieni mwenye chombo siku hiyo hiyo, kabla hajatweka tanga.