SOMO: TUITAMBUE HATARI KABLA YA KUFUNGUA BIASHARA



Katika vikundi vya hapa Kisaju na Kitengela, mtu akitaka kuanza biashara huulizwa, "Utauza nini?" Ni swali zuri, lakini halitoshi. Anayeanza huwa anaogopa wezi, moto na duka la jirani. Hizo ni hatari za kweli, na kila mtu anaziona. Kuna nyingine imejificha ndani ya mfuko wa mteja. Leo tujifunze kuitafuta kwa maswali manne.

1. Shilingi ya mteja inatoka wapi?

Tuchukue mfano. Mama anataka kufungua duka la unga na sukari kando ya barabara ya Namanga. Yeye hafugi hata mbuzi, kwa hivyo anasema ukame haumhusu. Lakini wateja wake hununua unga baada ya kuuza mbuzi. Mbuzi akikonda bei inaanguka. Akifa, pesa hakuna. Ukame wa 2008 na 2009 uliua mifugo wengi Kajiado. Tena kuanzia vuli ya 2020, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Wakati kama huo mwenye ng'ombe na mwenye duka wanaumia pamoja.

Wengine wanategemea wafanyakazi wa viwanda vya EPZ, Athi River. Huko mvua si shida kubwa, lakini nguo zinazoshonwa zinauzwa nje, hasa Marekani. Mwaka 2005, vizuizi vya dunia kuhusu biashara ya nguo vilipoondolewa, nguo za China zilijaa sokoni na kazi za kushona nguo zikapungua Kenya. Anayeuza chapati nje ya geti naye yumo katika biashara hiyo, hata kama hajui.

2. Wanunuzi ni wangapi?

Ukiwa na mnunuzi mmoja tu, akifunga mlango nawe umefunga. Kiwanda cha nyama cha KMC pale Athi River kilifungwa mapema miaka ya 1990, na kikafunguliwa tena 2006. Kama jengo kubwa namna ile linaweza kufungwa, je, hoteli moja inayochukua mayai yako?

3. Anayenunua anatumia, au naye anaanza biashara hiyo hiyo?

Tunakumbuka kware. Mwaka 2013 bei ya mayai yake ilipanda sana, na watu wengi wakakimbilia vizimba. Sehemu kubwa ya wanunuzi walikuwa watu wanaotaka kuanza kufuga. Kila mtu alipopata wake, mnunuzi hakuonekana tena, na mwaka 2014 bei ikaporomoka. Ukisikia, "Kila mtu anafanya hii siku hizi," usikimbilie. Uliza kwanza ni nani anakula.

4. Mauzo yakishuka nusu, itakuwaje?

Turudi kwa yule mama. Tuseme anapata faida ya shilingi 250 kwa siku. Kwa siku 26 ni 6,500. Kodi ya chumba ni 2,000, na mkopo wa chama anarudisha 3,000 kila mwezi. Anabaki na 1,500.

Sasa mauzo yashuke nusu. Faida ni 3,250. Kodi bado ni 2,000, na chama bado kinataka 3,000. Amepungukiwa na 1,750 kila mwezi, na hapo hatujahesabu wanaochukua unga kwa deni. Mwenye nyumba hajui mambo ya ukame! Pengo hilo litazibwa na nini? Mara nyingi ni karo ya mtoto au mbuzi wa mwisho.

Tufanye nini basi?

Hatusemi watu wasianze. Kukaa bila kufanya kitu nako kuna hatari yake. Tunashauri haya:

(a) Anza na kiasi ambacho kikipotea, watoto watakula na kusoma.
(b) Tafuta wateja wa aina mbili: wa mifugo na wa mishahara, kwa mfano.
(c) Usiweke ardhi ya familia rehani kwa biashara ambayo haijaona kiangazi.
(d) Mtembelee aliyejaribu biashara hiyo akafunga. Waliofaulu watakuonyesha duka. Yeye atakuonyesha shimo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Taja biashara tatu zilizofungwa hapa kwetu. Wateja wake walikuwa wanapata pesa wapi?
- Kila mmoja apige hesabu ya biashara yake kwa nusu ya mauzo. Nani atabaki amesimama?
- Je, chama chetu kikipewa ombi la mkopo, huuliza maswali haya, au hutazama tu uso wa mwombaji?