Njia za Baiskeli katika Misitu ya Usambara Magharibi: Mwongozo kwa Waongozaji na Watunzaji wa Njia

Mwongozo huu unawahusu vijana wa Lushoto na vijiji vya jirani wanaoongoza wageni kwa baiskeli, pamoja na vikundi vya vijiji vinavyoshika jembe na sululu kutunza njia zenyewe. Mara nyingi kazi hizi mbili hufanywa na watu wasiokutana. Hapa zimeunganishwa kwa makusudi. Mwongozaji asiyejua njia inavyojengwa ndiye anayeiharibu mapema kuliko wote, na mtunzaji asiyejua baiskeli inavyoteremka huchimba kona zisizopitika.

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na vilele vya msituni vinapita mita 2,000. Masika hunyesha Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na katikati yake ukungu huulowesha msitu hata siku zisizo na mvua. Kwa hiyo anayeanza kuiharibu njia hapa ni maji. Magurudumu huja baadaye kumalizia.

Kibali

Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Hakuna kuingia bila kibali na ada, na risiti ibaki mfukoni mwa mwongozaji safari nzima. Uliza kila mara ni njia zipi zimefunguliwa kwa baiskeli, kwa kuwa njia ya miguu si lazima iwe njia ya baiskeli. Mwongozaji naye awe na leseni yake, kama Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inavyotaka. Nje ya hifadhi, njia hukatiza mashamba ya watu. Huko ruhusa huombwa kwa serikali ya kijiji na kwa mwenye shamba mwenyewe, kabla ya mgeni kufika.

Kusoma mteremko

Njia inayoshuka mlima moja kwa moja ni mfereji tayari. Mvua ikinyesha, maji huingia juu, hayapati pa kutokea katikati, huongeza kasi na kubeba udongo. Msimu mmoja huacha mkwaruzo; msimu unaofuata mizizi iko wazi. Waendesha baiskeli wakiikwepa mizizi hiyo huanza kupita pembeni, majani yanakufa, na njia iliyokuwa na upana wa nusu mita hutanuka kuwa uwanja wa tope.

Kinga yake ni kuichora njia ikate ubavu wa mlima. Wajenzi wa njia hutumia kanuni ya nusu: mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa ubavu inapopita. Ubavu ukiwa na mteremko wa asilimia 30, njia isizidi asilimia 15. Ikizidi nusu, maji huacha kuvuka njia na kuanza kuifuata. Pamoja na hayo, wastani wa njia nzima usipite asilimia 10, yaani kushuka mita moja kwa kila mita kumi za mwendo. Kipimo hiki hakidai mashine. Kamba ya mita kumi, pimamaji la fundi mwashi na fimbo mbili vinatosha. Nyosha kamba iwe sawa kwa pimamaji, kisha pima urefu kutoka ncha ya kamba iliyo upande wa chini wa mteremko hadi ardhini. Ukipata zaidi ya mita moja, sogeza mchoro wako kabla hujainua jembe.

Hata njia yenye mteremko mdogo huhitaji vishuko na vipando vifupi kila baada ya hatua kadhaa. Pale inapoinuka kidogo baada ya kushuka, maji hushindwa kuendelea na kutoka nje. Hili ndilo jambo linalosahaulika kuliko yote, na ndilo linaloamua kama njia itavuka masika mawili au kumi. Vipando hivyo vipangwe wakati wa kuchora. Kuvitengeneza baadaye kwa kulundika udongo juu ya njia iliyokwisha kuchimbika ni kazi ya kurudiarudia, maana udongo wa kulundika huondoka na mvua kubwa ya kwanza.

Wazee wa Usambara wanaijua elimu hii. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kunusuru bonde la Mlalo na kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta. Watu waliupinga vikali. Miaka ya 1980 ukaja mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo ulioitwa SECAP, uliohimiza miti na mistari ya majani ya guatemala kufuata kontua, na baadhi ya mistari hiyo ingali mashambani. Kikundi cha njia kimtafute mkulima aliyewahi kupima kontua kwa fremu ya herufi A na kumlipa awe mwalimu wao. Tena kikumbuke kwamba kazi ya udongo iliyofanywa kwa amri haikudumu. Kazi za njia zipangwe na kijiji, zilipwe, na zisigongane na msimu wa kulima.

Kuchimba

Mahali pa kupita pawe udongo mama, uliokatwa ndani ya ubavu kwa upana wote wa njia. Udongo uliochimbwa utupwe mbali upande wa bondeni na usambazwe. Ukiutumia kujenga ukingo wa nje wa njia, ukingo huo utatitia chini ya gurudumu la mgeni, na upande huo ndio wenye bonde. Uso wa njia uelemee nje kidogo: kwa njia ya mita moja, ukingo wa nje uwe chini ya ule wa ndani kwa sentimita tano hivi. Kila mwaka magurudumu hukandamiza katikati na kuacha tuta upande wa nje linalozuia maji. Tuta hilo liondolewe. Kwa njia nyingi, hilo ndilo tengenezo kubwa la mwaka.

Mizizi isikatwe. Penye mizizi mingi, jaza mawe yaliyopangwa kwa kubanana, au uhamishe njia. Mawe yenye kuvu na kivuli yasikwanguliwe. Katika mazingira kama hayo humea urujuani wa Usambara, ua lililopelekwa Ulaya mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire na sasa linapandwa kwenye vyungu dunia nzima, ilhali kwao msituni linapungua. Ni jambo la kusikitisha ua lenye sifa hiyo kung'olewa kwa beleshi la mtu anayetengeneza njia ya wageni waliokuja kuuona msitu.

Wenye njia

Njia nyingi za Usambara zilikuwapo kabla ya baiskeli ya kwanza kufika. Zinapitwa na akina mama wenye kuni, watoto wa shule, na vijana wenye matenga ya karoti na matunda damu wakiwahi gari la sokoni. Sheria ni moja: baiskeli humpisha mtembea kwa miguu popote, na mwenye mzigo hapishi hata siku moja. Mwongozaji asimame, ashuke, aisogeze baiskeli upande wa bondeni, mtu apite upande wa mlima ambako ni salama. Baiskeli mbili zikikutana, inayoshuka huipisha inayopanda.

Salamu si pambo. Wafundishe wageni wako kusema shikamoo kwa wazee na kupunguza mwendo kabla ya kusalimu. Kengele ipigwe mapema, mbali na kona. Ikipigwa mgongoni mwa mtu humshtua na mzigo wake. Wageni wasipige picha za watu bila idhini, na wasichume matunda kando ya njia hata kama yameanguka.

Vinyonga nao wanavuka njia, wakiwamo wale wenye pembe mbili ambao kwao ni milima hii. Hawawezi kukimbia. Asubuhi yenye ukungu, mwongozaji atangulie kwa mwendo unaomwezesha kuona ardhi mita kumi mbele na kusimama bila kuburuza tairi.

Baiskeli na breki

Kila asubuhi, kabla ya kuondoka, kagua baiskeli ya kila mgeni kwa mikono yako: pedi au raba za breki, nyaya, upepo wa tairi, spoku zilizolegea, na kufuli za magurudumu. Pedi iliyobaki nyembamba ibadilishwe mjini. Usiseme itafika, kwa sababu kutoka Magamba kwenda chini huitumia zaidi kuliko siku nzima ya tambarare. Beba tyubu za ziada, pampu, viraka, kiunganishi cha mnyororo, na vifaa vya huduma ya kwanza.

Mfundishe mgeni breki kwenye eneo tambarare kabla ya mteremko. Wengi hubana ya nyuma peke yake kwa kuogopa kurushwa mbele. Gurudumu la nyuma likifunga, linaburuzika, mgeni hupoteza mwelekeo, na tairi huchimba mtaro ambao mvua ya jioni itaukuta na kuufuata. Afundishwe kupunguza mwendo kabla ya kona, kubana breki zote mbili taratibu kwa kidole kimoja au viwili, na kurudisha uzito nyuma ya siti. Mzizi wenye unyevu avuke kwa kuukata katikati, gurudumu likiwa limenyooka, bila kugusa breki. Asiyemudu ashuke na kusukuma. Msifu kwa hilo mbele ya wenzake.

Mvua

Tope likishika tairi na kulijaza, njia hiyo haipitwi siku hiyo. Dimbwi dogo lipitwe katikati, kwa mwendo wa pole au kwa kusukuma, kamwe si kando yake. Ikinyesha usiku kucha, wapeleke wageni kwenye barabara za vumbi zilizoshindiliwa au watembee kwa miguu. Atakayenung'unika aelezwe sababu kabla ya kulipa, tangu siku ya kupanga safari, ili asione amepunjwa.

Mwongozaji akirudi jioni, aandike kwenye daftari la kikundi mahali maji yalipovunja njia. Mapema Februari, kabla masika hayajaanza, daftari hilo lifunguliwe na zipangwe siku za kuchimba. Waongozaji wote wawepo, na majembe.