Nisafiri hadi Dar nikapimwe meno kwa kamera?

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu, naishi Makambako. Nimeng'olewa magego matatu ya juu, nataka meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Nilipokwenda kupimwa Njombe walitumia ule unga unaokorogwa kwa maji. Trei ilikaa mdomoni mpaka nikatapika. Mwanangu aliyeko Dar es Salaam ananiita huko, nipimwe kwa kamera. Niende?
Mwalimu, Makambako

JIBU: Kamwene, Mwalimu. Pole sana. Kutapika kule si woga, koo hujilinda.

Kamera ni kitu kizuri. Mgonjwa wa kwanza alihudumiwa kwayo Zurich, Uswisi, mwaka 1985. Hupitishwa juu ya meno, picha zikaunganishwa kwenye kompyuta, fundi akazipokea kwa intaneti. Kwa kofia ya jino moja au daraja fupi ningekuambia itumie bila wasiwasi.

Ila kamera hupima inachokiona tu. Mate au damu vikifunika ukingo wa jino, inakosea. Na wewe unapimwa pengo: ufizi mtupu, laini, jirani na shavu linalocheza. Hapo trei bado ina kazi yake, kwa sababu daktari hukuvuta shavu huku na huku unga ukiganda, na mipaka ya meno yako mapya ikajichora yenyewe.

Unga huo hutengenezwa kwa mwani wa baharini. Ukikorogwa kwa maji baridi, na maji ya Njombe mwezi Julai unayajua, huchelewa kuganda. Huenda ndiyo sababu trei ilikukalia muda mrefu. Tena kipimo kikiachwa kikauke husinyaa, na meno yatakayotengenezwa hayatakukaa sawasawa.

Kwa hiyo usisafiri. Njombe ni takriban kilomita 60 kutoka kwako, Dar ni zaidi ya 600, na meno ya bandia mara nyingi hurudishwa kwa daktari kusawazishwa yanapobana.

Rudi Njombe, usiwe umekula chakula kizito. Mweleze daktari kwamba ulitapika. Omba maji yasiwe ya baridi, unga uwe mzito kidogo, na trei iwe ya kukutosha. Kaa wima, inamisha kichwa mbele, pumua kwa pua. Kisha uliza plasta itamiminwa lini kwenye kipimo, kisije kikakauka. Jibu liwe "sasa hivi", si "kesho".

Kipimo kizuri hutoka kwa daktari asiye na haraka, awe ameshika kamera au trei. Wako mpe nafasi ya pili.