Kufundisha Utunzaji wa Hita ya Jua katika Somo la Sayansi

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha jinsi joto linavyosafiri katika maji aghalabu hufikiria sufuria iliyoko jikoni na kuishia hapo. Twapendekeza kifaa kingine, kilicho juu ya paa: mtambo wa kupashia maji kwa jua, ambao wengi huuita hita ya jua. Unapoacha kufanya kazi, mwenye nyumba hurudia mkaa au umeme, nao hubaki juu ukiliwa na kutu, hata kama kasoro yenyewe ingeondolewa kwa nusu saa.

Katika mazoezi ya kufundisha tumeona mara nyingi somo la namna hii likigeuzwa orodha. Mwalimu huandika ubaoni: osha kioo, kagua koki, toa uchafu. Wanafunzi hunakili, na siku ya pili hukariri bila kukosea. Waulizwapo kwa nini sanduku la jua lina moto mkali ilhali maji ya tangi ni baridi, hunyamaza.

Mwalimu hana budi kuanza na mwendo wa maji. Katika mtambo usio na pampu, tangi hukaa juu zaidi ya sanduku la jua. Sanduku hilo lina kioo, na chini ya kioo mna bati jeusi lililoshikamana na mabomba ya shaba. Maji yaliyomo mabombani hupata joto, hutanuka na kuwa mepesi. Maji baridi ya tangi, yaliyo mazito zaidi, hushuka kwa bomba la chini na kuyasukuma yale ya moto yapande kwa bomba la juu. Tunalisisitiza neno kuyasukuma, kwani mwalimu asemaye tu kwamba joto hupanda amewanyima wanafunzi ufunguo wa somo. Lita moja ya maji yenye nyuzi 20 za Sentigredi ina gramu 998 hivi. Yenye nyuzi 60 ina gramu 983 hivi. Gramu 15 hizo ndizo ziendeshazo mtambo mzima. Nguvu ndogo kiasi hicho huzuiwa na jambo dogo: hewa iliyonaswa mahali bomba lilipopinda kama nundu, ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika, au maji ya tangi kupungua hata yakawa chini ya mdomo wa bomba la juu. Hili la mwisho ni la kutazamiwa penye mgao wa maji.

Zana zake si ghali. Itafutwe ndoo yenye matundu mawili ubavuni, moja juu na moja chini, na mpira mweusi wa maji wa mita tatu hivi. Ndoo iwekwe juu ya meza uani. Mpira ushuke kutoka tundu la chini, kisha upande polepole juu ya bati lililoinamishwa hadi tundu la juu. Maji yajazwe kupita tundu la juu, na hewa yote itolewe. Mtambo huo uwe tayari saa tatu asubuhi, na kipindi kiwe saa sita. Wanafunzi waguse maji ya juu ya ndoo, kisha ya chini. Baada ya hapo mwalimu auharibu kwa siri: apunguze maji, au atie nundu yenye hewa katika mpira, au aufunike kwa kanga. Kila kundi litafute kasoro, nalo litoe sababu kabla ya kugusa chochote.

Kutoka hapo darasa laweza kuupima mtambo wa kweli kwa maswali. Sanduku lina moto na tangi ni baridi? Mzunguko umekatika. Sanduku lenyewe halina moto adhuhuri? Mwanga haufiki, pengine ni vumbi, au mwembe wa jirani umekua. Maji ni moto jioni na baridi alfajiri, wala hakuna aliyeyatumia? Hapa wanafunzi wengi hulilaumu sanduku. Mwalimu asiwakatize, awaulize usiku jua huwa wapi, nao wataligeukia tangi na vazi lake la kuhifadhi joto.

Katika pwani, ambako visima vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, ukoko wastahili kipindi chake. Kipande kilichobanduliwa birikani kikitiwa katika siki hutoa povu na kuyeyuka.

Mwanafunzi yeyote asipande paa. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache. Fundi mwenyewe hufanya kazi asubuhi mapema, sanduku likiwa limefunikwa gunia. Na kwa aina yenye mirija ya kioo, hatii maji baridi katika mirija iliyokwisha kuchomwa na jua, isije ikapasuka.

Kwa jaribio la mwisho twatumia swali hili: "Maji ya bomba yalikatika siku mbili, tangi limebaki nusu, jua ni kali, lakini maji ni baridi. Eleza." Anayejibu "hita imeharibika" arudishwe kwenye ndoo.