Pikipiki Irukayo Alfajiri: Somo la Klachi, Baridi na Oili ya Injini

Ndugu wananchi wa mipakani,

Jina la bodaboda lilikuwa mali yenu kabla ya kuwa la mtu mwingine yeyote. Lilizaliwa Busia katika miaka ya 1960, pale vijana wa baiskeli walipokuwa wakivusha abiria na mizigo kutoka boda hadi boda. Likafika Kampala, kisha likaenea Afrika Mashariki nzima. Kwa hiyo somo hili, ingawa tunaliandika tukiwa Kampala, tunalielekeza kwenu kwanza. Steji za mpakani huanza kazi kabla ya jua kuchomoza, wakati injini ingali baridi na watu wenye mizigo wamejipanga mbele ya magurudumu wakingoja kuvuka.

Tuanze na kisa kilichotufikia kutoka steji moja ya nyanda za juu, ambayo hatutaitaja jina. Mwendeshaji alipakia abiria wake wa kwanza wa siku, akabana mkono wa klachi, akatia gia ya kwanza. Kabla hajauachia mkono huo, pikipiki iliruka mbele kiasi cha hatua moja, kisha ikazimika. Hatua hiyo ilitosha kumwangusha mama aliyebeba viazi kichwani, naye akavunjika mguu. Mashahidi wote walisema neno moja: kijana alivuta moto kwa pupa. Yeye aliapa kwamba klachi alikuwa ameibana hadi mwisho. Pikipiki iliendeshwa hadi kituoni, ikakaguliwa ikiwa bado ina joto, ikatiwa gia mara nyingi, na haikuruka hata mara moja. Ikaonekana kuwa kijana amesema uongo.

Fundi mmoja mtu mzima, aliyeitwa kutoa maoni yake, aliomba pikipiki iachwe nje usiku kucha, ijaribiwe tena alfajiri bila mtu yeyote kusimama mbele yake. Ombi lake lilikubaliwa. Alfajiri ikaruka vilevile, na mkono wa klachi umebanwa hadi mwisho.

Kasoro ya namna hiyo hujificha injini ipatapo joto. Mkaguzi wa mchana haioni, na mwendeshaji mwenyewe, akisha kuendesha robo saa, huisahau hadi kesho yake. Wengi huidhania kuwa tabia ya pikipiki, kama vile punda fulani alivyo na tabia ya kupiga teke. Pikipiki haina tabia. Inazo sahani na oili.

Klachi ya gari dogo kwa kawaida hufanya kazi ikiwa kavu. Klachi ya pikipiki nyingi tuzionazo barabarani, kama vile Bajaj Boxer na TVS, imezama ndani ya oili ileile inayolainisha injini na giaboksi. Ndani yake mna sahani zilizopangwa kwa zamu, moja ya chuma tupu na nyingine yenye ngozi ya msuguano, nazo hubanwa pamoja na springi. Mwendeshaji anapobana mkono wa klachi, nguvu ya springi huondolewa na sahani huachana kwa nafasi nyembamba sana. Hapo injini huzunguka peke yake bila kulisukuma gurudumu.

Pikipiki ikilala usiku kucha, utando wa oili hubaki katikati ya sahani hizo, na baridi huufanya uwe mzito na wenye kunata. Aliyewahi kupanga sahani mbili za bati zilizopakwa mafuta, moja juu ya nyingine, anajua jinsi zinavyokataa kubanduka. Ndivyo ilivyo ndani ya klachi. Mkono umebanwa, nguvu ya springi imeondolewa, lakini sahani bado zimegandamana. Gia ikitiwa, nguvu ya injini huenda moja kwa moja kwenye gurudumu. Mafundi husema klachi inashika. Iko kasoro ya pili iliyo kinyume chake, ambapo injini hupiga kelele na mwendo hauongezeki, hasa mlimani ukiwa na mzigo: hiyo ni klachi inayoteleza. Tunaomba msichanganye hizo mbili, kwa sababu dawa ya moja huweza kuizidisha nyingine.

Mahali nako kuna neno. Kampala iko kwenye kimo cha karibu mita 1,200, na alfajiri zake ni za kustahimilika. Kabale inakaribia mita 2,000, na usiku joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi. Watu wa Katuna, wa Bunagana, na wa Suam kwenye miteremko ya Elgon hawahitaji kuambiwa baridi ni nini. Oili isiyoleta taabu Mutukula au Malaba huweza kuwa kama uji huko.

Basi, mwendeshaji afanye nini asubuhi? Kabla ya kuiwasha injini, atie gia ya pili, abane klachi, aisukume pikipiki mbele na nyuma mara kadhaa. Mwanzoni itakuwa nzito kana kwamba breki imeshikwa. Ghafla italegea, na hapo ndipo sahani zimeachana. Airudishe kwenye nyutro, awashe, aiache ingurume polepole dakika moja au mbili. Kisha abane klachi, ahesabu hadi tano, atie gia ya kwanza akiwa ameshika breki ya mbele, na mbele yake pasiwe na mtu. Abiria apande baada ya hapo. Tunajua kwamba penye ushindani wa abiria dakika mbili ni nyingi, na kwamba jirani yako atakuwa ameshamchukua mteja. Ndiyo maana tungependa viongozi wa steji walifanye jambo hili kuwa kanuni ya wote, ili anayefuata utaratibu asipoteze riziki kwa sababu ya kuufuata.

Iwapo pikipiki inaendelea kuvuta hata baada ya kupata joto, si baridi tena. Fundi atazame kwanza waya wa klachi. Pikipiki nyingi ndogo huhitaji mkono uwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha yake kabla haujaanza kuvuta. Vitabu vingine hupimia penye shina la mkono, milimita 2 hadi 3. Mchezo ukizidi, klachi haifunguki yote. Ukikosekana kabisa, klachi itateleza na kuungua. Waya ukiwa sawa, huenda sahani za chuma zimepinda au kikombe cha klachi kimechimbika, na hapo hapana njia ila kufungua.

Tuje kwenye oili, kwa maana ndiyo iliyomponza kijana wa kisa chetu. Injini yake ilikuwa ikitoa moshi. Mtu alimshauri aweke oili nzito ya malori, iuzwayo kwa kupimwa kutoka pipani, ili kuupunguza moshi huo. Moshi ulipungua kweli. Oili yenyewe ilikuwa SAE 50 tupu, isiyo na herufi W, nayo katika baridi ya kwao haikuachia sahani. Alikuwa ameficha ugonjwa wa pistoni kwa kuleta ugonjwa wa klachi.

Kwenye chupa ya oili, namba iliyo kabla ya herufi W hueleza jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi. Kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyokuwa nyepesi alfajiri. Namba ya pili hueleza uzito wake injini ikiwa na joto kali, kipimo chake kikiwa nyuzi 100. Kwa hiyo 20W-50 na 10W-40 hutofautiana pande zote mbili, na tofauti ya upande wa kwanza ndiyo mtakayoihisi klachini. Pale ambapo kitabu cha mtengenezaji kinaruhusu aina zote mbili, mtu wa Busia anaweza kubaki na 20W-50 bila wasiwasi, na mtu wa Katuna atafanya vyema kuchukua 10W-40. Kitabu kikitaja aina moja tu, kifuatwe kitabu. Muuza duka na jirani hawana mamlaka juu yake.

Hapa pana mtego. Aliyesikia kwamba oili nyepesi ni bora huweza kukimbilia oili ya gari dogo, kwa kuwa nayo ni nyepesi. Oili nyingi za namna hiyo zimetiwa dawa za kupunguza msuguano ili gari lisile petroli nyingi. Klachi ya pikipiki huishi kwa msuguano, ukiuondoa, itateleza. Kwa sababu hiyo mwaka 1998 shirika la viwango vya magari la Japani, JASO, lilitoa kipimo cha oili za pikipiki, na alama yake huandikwa ndani ya kijisanduku mgongoni mwa chupa. Tafuteni JASO MA. Tangu 2006 mtaona pia MA1 na MA2, ambazo ni madaraja ya MA, MA2 ikiwa na mshiko zaidi. MB ni kwa ajili ya skuta ambazo klachi yake haimo ndani ya oili. Msiitie kwenye Boxer hata kama bei yake inapendeza.

Kiasi nacho kitazamwe. Pikipiki isimame wima mahali tambarare, oili isomwe kati ya alama mbili za kidirisha au za kijiti. Kujaza kupita alama ya juu hakuongezi ulinzi, bali huzamisha klachi zaidi na huzidisha kule kushika.

Kuhusu oili bandia, kifuniko kilichokwisha kufunguliwa ni sababu tosha ya kukataa. Hapa Uganda angalieni alama ya ubora ya UNBS. Ng'ambo ya mpaka mtakutana na KEBS ya Kenya, TBS ya Tanzania na RSB ya Rwanda. Oili ya pipani haina alama ya kusomwa, na anayeinunua ananunua neno la muuzaji tu.

Wengine watauliza kijana yule aliishia wapi. Hakuitwa tena mwongo, na jambo hilo kwake lilikuwa kubwa. Lakini hakuondolewa lawama yote: alitia gia hali mtu amesimama mbele ya gurudumu lake, na alikiri kwamba pikipiki ilikuwa imemruka asubuhi mbili kabla ya siku ile. Sheria ya Usafiri na Usalama Barabarani ya 1998 haimruhusu mtu kuendesha chombo ambacho hali yake ya kiufundi ni ya hatari, na anayeijua kasoro akaendelea kufanya kazi hawezi kusema kwamba imemshtukiza.

Jambo la mwisho ni dogo. Oili chakavu isimwagwe mtaroni. Hapa Kampala mfereji wa Nakivubo huipeleka moja kwa moja ziwani, na mito yenu ya mpakani hunywewa na watu wa pande zote mbili. Ipelekeni gereji yenye pipa la kukusanyia. Chupa tupu ya oili mliyoitia, pamoja na risiti yake, iwekeni nyumbani hadi mtakapobadilisha tena. Siku pikipiki ikiruka na mtu akaumia, herufi zilizo mgongoni mwa chupa hiyo zitatusaidia kujua la kuuliza, na pikipiki ijaribiwe saa ngapi.