Fundo la Kuungia Mshipi wa Kusuka na Uzi wa Mbele

Nchi ya Ufipa imekaa juu, kati ya maziwa mawili. Mtu akitoka Sumbawanga akashuka upande wa magharibi hufika Kasanga au Kirando, penye Ziwa Tanganyika. Akishuka upande wa mashariki hufika Ziwa Rukwa. Maji ya maziwa haya hayafanani hata kidogo. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale palipo chini kabisa, na maji yake ni maangavu, hata jiwe lililo mbali chini huonekana. Rukwa ni ziwa la kina kifupi, nalo maji yake yana tope. Twaanza na habari hii kwa sababu mvuvi wa ndoana asiyeyajua maji yake hawezi kuchagua uzi, na asiyeujua uzi wake hawezi kuchagua fundo.

Mshipi wa kusuka tunaoutaja hapa ni ule uliotengenezwa kwa nyuzi za plastiki nyembamba mno, nne au nane, zilizosukwa pamoja kama nywele. Una nguvu nyingi kupita unene wake, wala haunyumbuki. Samaki akigusa chambo kidogo tu, mkono wapata habari. Lakini samaki huuona katika maji maangavu, tena hukatika upesi ukisuguliwa na mwamba, na kwa kuwa haunyumbuki, kishindo chote cha samaki huiangukia ndoana. Kwa hiyo mvuvi wa Tanganyika, hasa amtafutaye kuhe penye miamba, huunga mbele ya mshipi kipande cha nailoni nyepesi, chenye urefu wa pima moja hivi, na ndoana hufungwa mwisho wa kipande hicho. Hapa tutakiita uzi wa mbele. Mvuvi wa Rukwa anayemtafuta kambale katika tope hana haja kubwa ya kumficha samaki uzi, naye aweza kutumia nailoni nene bila hasara.

Sasa yafaa msomaji aangalie jambo moja ambalo huwadanganya wengi. Uzi wa mbele ulio mwepesi ni dhaifu kuliko mshipi, lakini mara nyingi ni mnene kuliko mshipi. Mshipi wa kusuka ulioandikwa ratili 20, yaani karibu kilo 9, huwa na unene kama wa nailoni ya ratili 6 tu. Basi ukiuunga na nailoni ya ratili 10, macho yatakuambia kwamba nailoni ndiyo yenye nguvu, nayo ni kinyume. Udhaifu huo una faida yake: ndoana ikinasa katika mwamba, hukatika nailoni, na mshipi ulio ghali hurudi mtumbwini. Lakini faida hiyo haipatikani kama fundo limechaguliwa vibaya. Fundo likiteleza, samaki huondoka na ndoana mdomoni na pima nzima ya nailoni nyuma yake.

Kwa nini liteleze? Wafipa wa zamani walisokota pamba na kufuma nguo, nao walijua kwamba uzi wa pamba una manyoya. Ukizungushwa mara mbili tu hujishika wenyewe. Mshipi wa plastiki hauna manyoya. Ni laini na mtelezi kama kambale, na fundo la kawaida tulifungalo kwenye kamba ya mbuzi hufunguka humo pasipo mtu kulifungua. Zaidi ya hayo mshipi ni mwembamba na mgumu, hata ukivutwa kwa nguvu waweza kuikata nailoni iliyo laini. Dawa ya mambo haya mawili ni moja: mshipi uzungushwe mara nyingi zaidi ya nailoni.

Fundo tunalolipendelea kwa uzi mwepesi ni lile la vitanzi viwili vinavyokutana. Laza ncha ya mshipi na ncha ya nailoni pamoja, zipishane kiasi cha shubiri moja na nusu. Ikunje ncha ya nailoni kuirudisha nyuma, ifanye kitanzi juu ya nyuzi zote mbili, kisha ipitishe ndani ya kitanzi ikizizunguka nyuzi hizo mara nne au tano. Ivute polepole mpaka kitanzi kifunge. Fanya vivyo hivyo kwa ncha ya mshipi upande wa pili, ila zungusha mara saba au nane. Hapo una mafundo mawili madogo yaliyoachana. Yaloweshe kwa mate au maji, ndipo uvute mshipi huku na nailoni huku, mpaka mafundo yateleze yakutane na kubanana. Kulowesha si mzaha: nailoni ikikazwa kavu hupata joto kwa msuguano, nayo hudhoofika pale pale penye fundo. Kisha kata ncha zilizobaki, lakini usizikate hadi kwenye fundo lenyewe.

Liko fundo jingine lililotokana na lile la Jimmie Albright, mwongoza wavuvi wa Florida, Marekani. Nailoni hukunjwa pindo. Mshipi huingia katika pindo hilo, ukalizunguka mara saba kwenda na mara saba kurudi, ukatoka upande ule ule ulioingilia. Hili hufaa nailoni ikiwa nene sana kuliko mshipi, kama atakavyo mvuvi wa sangala, kwa kuwa kifuniko cha shavu la sangala kina miiba ikatayo uzi mwepesi.

Wengine husifu fundo liitwalo FG, ambalo nailoni haikunjwi kabisa, bali mshipi husukwa juu yake huku na huku mara ishirini hivi. Ni fundo jembamba lenye nguvu, hatukatai. Lakini sifa yake kubwa ni kupita kwa wepesi katika pete za fimbo ya kuvulia, na mtu avutaye mshipi kwa mkono katika mtumbwi hana pete za kupitisha. Tena kulisuka kwataka mshipi ukazwe sana muda wote, kazi ngumu usiku, wimbi likipiga. Fundo zuri lililofungwa vibaya huzidiwa na fundo la kadiri lililofungwa sawasawa.

Walimu waweza kuyapima maneno yetu mbele ya watoto. Fungeni uzi wa mbele kwenye mshipi kwa fundo lolote, tundikeni kwenye tawi, na chini yake ndoo iliyopimwa uzito, ikae kiganja kimoja tu juu ya ardhi isije ikamwumiza mtu. Mimineni maji kwa lita. Kila lita ni kilo moja. Nailoni ya ratili 10 ingestahili kuchukua karibu kilo 4 na nusu, pamoja na ndoo. Ikikatika, itazameni ncha. Ikiwa imejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo limeteleza. Ikiwa imekatika wima, fundo limeshika na uzi ndio ulioshindwa.

Baki moja. Mshipi ukianza kutoa nywele karibu na fundo, ukateni shubiri moja nyuma na kufunga upya kabla ya kushuka majini, si baada ya samaki kushika. Vipande vilivyokatwa vitiwe katika kopo na kurudishwa nyumbani, kwa maana plastiki hiyo haiozi upesi kama pamba, na ndege wa ziwani hunaswa miguu nayo.